Uzamifu wa Mtandaoni: Nauli Imepungua, Kazi Haijapungua

Mhariri wenu ameniomba nieleze masomo ninayoyafanya usiku, wakati taa za nyumba nyingine za walimu zimekwisha kuzimwa. Ameniomba pia nisiandike kana kwamba natoa notisi ya ubao wa matangazo. Nitajaribu.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Mwalimu, yaani wewe bado unasoma?" Naam, ningali nasoma. Ninasomea shahada ya uzamifu katika uongozi wa elimu, katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, na Uingereza yenyewe sijaikanyaga. Wahadhiri, vitabu, msimamizi na wanafunzi wenzangu wote nawapata kwenye kipakatalishi, juu ya meza ile ile ninayosahihishia insha zenu. Kwetu nyumbani wazee wanangoja kwa hamu niwe daktari ili niwapime presha. Nimewaeleza kwamba udaktari huu hauna sindano, lakini sidhani wameniamini.

Wapo pia wanaodhani kwamba kwa kuwa masomo ni ya mtandaoni, basi ni ya kubonyezabonyeza tu, ukiamka asubuhi u Daktari. La hasha! Mtandao umenipunguzia nauli. Kazi haukuipunguza hata chembe, na wala haifai kupunguzwa. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Uzamifu ni nini hasa?

Mtu akitoka sekondari akaenda chuo kikuu, husomea shahada ya kwanza. Baadaye akitaka huendelea na uzamili, kisha uzamifu. Katika mpangilio wa sifa za elimu hapa Kenya, uzamifu umewekwa kwenye ngazi ya 10, na juu yake hakuna ngazi nyingine. Ninyi wapenzi wa lugha mmekwisha kuona kwamba neno lenyewe limejengwa juu ya kuzama. Mwenye shahada ya kwanza huogelea bahari nzima. Wa uzamifu huchagua mahali pamoja padogo, akapiga mbizi mpaka aguse chini, kisha sharti arudi na kitu ambacho hakuna aliyekileta juu kabla yake.

Katika elimu kuna njia mbili. Ipo PhD, ambayo aghalabu huandaa watafiti na wahadhiri. Ipo pia EdD, yaani shahada ya udaktari katika elimu, iliyokusudiwa watu walioko kazini: walimu wakuu, manaibu wao, maafisa wa elimu na wakufunzi. Chuo cha Harvard kule Marekani kilianza kuitoa miaka ya 1920, na Uingereza ilianzia Bristol mwaka wa 1992. Mwanafunzi wa EdD hulitoa swali lake kazini kwake, na jibu lake linatazamiwa lirudi kazini. Hii ndiyo ninayoifanya mimi.

Kwa nini uongozi?

Baadhi yenu mwafikiri kuongoza shule ni kupiga kengele, kukagua sare na kutia sahihi ruhusa za kwenda hospitali. Ni zaidi ya hayo. Mwaka wa 2004, Kenneth Leithwood wa Kanada na wenzake walipitia tafiti nyingi wakahitimisha kwamba, katika mambo ya shuleni yanayomsaidia mwanafunzi kujifunza, la kwanza ni ufundishaji darasani na la pili ni uongozi. Serikali yetu ililitambua jambo hili zamani, ndiyo maana mwaka wa 1981 kilianzishwa chuo cha kuwafunza wasimamizi wa elimu, KESI, ambacho leo huitwa KEMI. Lakini kozi hufundisha mambo yanayojulikana tayari. Uzamifu humtaka mtu atafute yale ambayo bado hayajajulikana.

Kusoma kwa mbali si jambo la jana

Msidhani mtandao ndio ulioleta elimu ya mbali. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini wanafunzi wasioishi chuoni tangu mwaka wa 1858. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka wa 1946, na mwaka wa 1989 kilimtunuku shahada ya sheria mfungwa mmoja aliyeitwa Nelson Mandela. Uingereza ikaunda Chuo Kikuu Huria mwaka wa 1969, kikaanza kufundisha mwaka wa 1971 kwa vitabu, redio na televisheni. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza shahada ya elimu kwa wanafunzi wa nje mwaka wa 1986, na walimu wengi walisoma kwa vitabu vya moduli huku wakifundisha. Majirani zetu wa Tanzania waliunda Chuo Kikuu Huria chao kwa sheria ya mwaka wa 1992.

Baadaye nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa mwaka wa 2009, na mambo yakabadilika. Barua iliyokuwa ikichukua wiki tatu sasa yachukua nukta moja. Mwaka wa 2023 Kenya nayo ikapata Chuo Kikuu Huria chake, kinachofundisha kwa mtandao.

Masomo yanaendeshwaje?

Yana sehemu mbili. Miaka ya mwanzo, kama miwili hivi, ni ya kozi. Tunasoma nadharia za uongozi, sera za elimu na mbinu za utafiti, na kila kozi ina insha ndefu ya kuandika. Sehemu ya pili ni tasnifu, ambayo kwa EdD aghalabu ni maneno kati ya 40,000 na 60,000. Ninyi mnaolalamika kwamba insha ya kurasa mbili ni ndefu, hesabuni wenyewe! Anayesoma huku akifanya kazi huchukua miaka minne hadi saba.

Darasa letu la moja kwa moja huanza saa kumi na mbili jioni huko London. Hapa huwa ni saa tatu usiku, bado mko prepu. Wenzetu wakisogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi, darasa nalo huja saa mbili usiku. Tuko watu wa nchi mbalimbali, mmoja ni mwalimu mkuu Lagos na mwingine mkaguzi wa shule kule Scotland. Stima ikipotea nahamia kwenye simu, bando ikiisha natafuta nyingine. Maktaba ya chuo hufunguka kwa nywila tu, na humo mna majarida ya kitaaluma ambayo zamani ungeyafuata Nairobi kwa basi, ulipie na malazi.

Sasa tazameni kisichopungua. Kila nikituma sura kwa msimamizi wangu, hunirudia na maswali mawili pembeni: "Umejuaje?" na "Una hakika?" Sentensi moja kama "wanafunzi wa siku hizi hawana nidhamu", ambayo sisi walimu huitamka kila siku katika chumba cha walimu bila wasiwasi, kule haipiti. Nani alipima? Alilinganisha na wa lini? Aliwauliza wanafunzi wenyewe? Maswali haya mawili ndiyo uzamifu wenyewe, na hakuna mtambo unaoyarahisisha.

Swali ninalolitafiti

Linawahusu ninyi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 yataka mwakilishi wa baraza la wanafunzi awe na kiti katika bodi ya usimamizi ya shule, ingawa si mjumbe kamili kama wengine. Je, akikaa hapo, husikilizwa? Anasema nini, na akishasema, kuna linalobadilika?

Si swali la kujifurahisha. Mwezi wa Machi mwaka wa 2001, bweni liliteketezwa katika shule ya Kyanguli kule Machakos na wanafunzi 67 wakafa. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2024, moto uliwaua wanafunzi 21 katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Kila moto una chanzo chake, na sitaki mtu aseme kwamba nadai baraza la wanafunzi lingezima moto. Ninachosema ni kwamba anayelala bwenini ndiye anayejua ni vitanda vingapi vimebanana, ni mlango upi haufunguki, na ni nani amekasirika. Kiongozi asiye na njia ya kuyasikia hayo anaongoza akiwa amefumba macho.

Mtaniuliza, basi mbona hujatuhoji sisi? Nimechagua shule nyingine makusudi. Mimi hapa ni naibu mwalimu mkuu. Ni mwanafunzi gani atakayemwambia ukweli wote yule yule atakayemwita ofisini kesho? Angenipa majibu ninayotaka kuyasikia, nami ningeyaandika kwa furaha, na tasnifu ingekuwa ya uongo mtupu. Kabla ya kwenda shule hizo nilihitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo, leseni ya NACOSTI, tume inayosimamia utafiti nchini, na idhini ya maafisa wa elimu wa kaunti. Isitoshe, kwa kila mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 sharti mzazi akubali na yeye mwenyewe akubali. Makaratasi hayo yote hayakuletwa na mtandao. Nimeyafuata kwa miguu.

Mitego iliyopo

Kwanza, kuna vyuo hewa. Mwaka wa 2015 ilifichuliwa kwamba kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, ilikuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwako, vyenye tovuti za kupendeza na picha za maprofesa wanaotabasamu. Kwa hivyo mtu asilipe hata shilingi kabla ya kuuliza kama chuo kimeidhinishwa kwao, na kama Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa hapa Kenya zitaitambua shahada hiyo. Ukiambiwa utamaliza uzamifu kwa miezi sita, kimbia.

Pili, kuna kuandikiwa. Hili latuhusu Wakenya, tena linauma. Vijana wetu wengi wenye shahada, kwa kukosa kazi, wamekuwa wakiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na hata tasnifu kwa malipo. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka wa 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford ambaye ni mzaliwa wa Kenya, imelionyesha jambo hili ulimwenguni. Akili wanazo, lakini jina na cheo huenda kwa mwingine. England imeipiga marufuku biashara ya kuwaandikia wanafunzi kwa sheria ya mwaka wa 2022, na siku hizi programu za akili unde zimeongeza kishawishi. Nami nimepata kuambiwa, "Mwalimu, mbona wajitesa, si ulipe tu?" Nikamjibu aliyeniambia: na siku nitakapomkamata mwanafunzi wangu na kikaratasi kwenye mtihani, nitamwambia nini?

Tatu, kuna upweke. Uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada, uliotolewa mwaka wa 2008, ulionyesha kwamba hata baada ya miaka kumi ni kama asilimia 57 tu ya walioanza PhD waliokuwa wamemaliza, na hao ni wa vyuo vya kawaida, wenye wenzao wa kunywa nao chai. Mtu wa mtandaoni hana wa kumgongea mlango. Dawa yangu ni ndogo: saa moja na nusu kila alfajiri, kabla ya kengele yenu, hata kama ni kuandika aya moja tu.

Itanifaa nini?

Sijaahidiwa cheo wala nyongeza. Mkopo wa Sacco wakatwa kila mwezi, na nyumbani tumeahirisha mambo mengine, wake wangu wa nyumbani, yaani mama watoto, akiwa wa kwanza kuvumilia. Faida ninayoiona tayari ni kwamba nimejifunza kuuliza "umejuaje?" kabla ya kuadhibu. Walimu wenzangu, hilo pekee halihitaji karo. Tunaweza kuanza nalo Jumatatu.

Nanyi wanafunzi, msingojee kuzeeka kama mimi ndipo mjifunze kulitetea jambo kwa ushahidi. Mkiandika insha, andikeni yenu, hata ikiwa na makosa. Na mwakilishi wenu akienda kwenye kikao cha bodi, mpeni la kusema lililo kweli, lenye tarehe na idadi, si minong'ono. Kiti mmepewa na sheria, lakini hoja ni ninyi wa kuipeleka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nawatakia masomo mema.