“Ulikuwa Wapi Siku ya MV Bukoba?”: Thamani ya Kumbukumbu za Wananchi na Namna ya Kuzihifadhi

Na Mwandishi Wetu

Jumanne, tarehe 21 Mei, 1996, itabaki kuwa miongoni mwa siku za huzuni kubwa katika historia ya nchi yetu. Asubuhi ya siku hiyo meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Bandari ya Kemondo, ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza, na baadaye ikazama. Rais wa Awamu ya Tatu, Hayati Benjamin William Mkapa, alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Sehemu ya marehemu walizikwa Igoma, jijini Mwanza, ambako makaburi na mnara wa kumbukumbu vipo hadi leo.

Tangu wakati huo, kila ifikapo mwezi Mei, Watanzania wenye umri wa kukumbuka huulizana swali moja: “Wewe ulikuwa wapi?” Yupo aliyekuwa gatini usiku uliotangulia akimsindikiza ndugu yake. Yupo aliyekuwa Mwanza akisubiri mgeni ambaye hakufika. Wengi zaidi walikuwa mbali na ziwa, wakapata habari kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa simu ya mezani ya ofisini au kwa jirani aliyekuja mbio. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika katika maeneo mengi ya nchi, na televisheni zilikuwa katika nyumba chache.

Majibu ya swali hilo huchukuliwa kuwa mazungumzo ya kuomboleza tu. Kwa ajali hii, hata hivyo, yana uzito zaidi ya huo.

Pengo katika orodha ya abiria

MV Bukoba ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili pekee ilionyesha watu 443. Abiria wa daraja la tatu, ambalo nauli yake ilikuwa nafuu na ndilo lililotumiwa na wananchi wa kipato cha chini, hawakuwa na orodha. Ndiyo sababu idadi ya waliofariki hutajwa kwa makadirio, kuanzia watu takribani 800 hadi 1,000.

Maana yake ni kwamba kwa abiria wengi wa daraja la tatu hapakuwa na karatasi ya safari iliyobeba majina yao. Uthibitisho kwamba mtu fulani alipanda meli ile ulibaki katika vichwa vya watu: mama aliyemfungia mwanawe chakula cha njiani, mfanyabiashara mwenzake aliyemwona akipanda, au shemeji aliyempungia mkono Kemondo. Kwa watu hao, kusema mahali walipokuwa ni kutoa ushahidi. Aliyekuwa na miaka 40 wakati ule sasa ni mzee wa takribani miaka 70. Akiondoka bila maelezo yake kuandikwa, huenda jina la marehemu mmoja likaondoka naye.

Kumbukumbu huhifadhi nini, na hukosea wapi

Kwa kuwa ushahidi huu una thamani, ni vyema kufahamu nguvu yake na udhaifu wake. Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Brown na James Kulik, walieleza kwamba habari ya kushtusha huacha akilini kitu mfano wa picha iliyopigwa kwa flashi ya kamera. Mtu hukumbuka alipokuwa, aliyempa habari, alichokuwa akifanya na namna alivyojisikia. Mfano wao mkuu ulikuwa mauaji ya Rais John F. Kennedy mwaka 1963.

Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba picha hiyo, hata ikiwa angavu, si lazima iwe sahihi. Mwaka 1986, siku moja baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike jinsi walivyopata habari. Takribani miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena wanafunzi 44 kati yao. Robo yao walikosea kila jambo kuu walilokuwa wameliandika wenyewe, na wengi walisimulia wakiwa na uhakika mkubwa. Utafiti wa Jennifer Talarico na David Rubin kuhusu mashambulizi ya tarehe 11 Septemba, 2001 ulibaini jambo linalofanana na hilo: kumbukumbu za siku hiyo zilififia sawa na kumbukumbu za kawaida, ila imani ya wenye kukumbuka haikupungua.

Hakuna uongo katika hali hiyo. Kila tunaposimulia, akili huliunda upya tukio na kuchanganya tulichokiona na tulichokisikia baadaye. Mtu aliyepata habari kwa redio anaweza, baada ya miaka mingi ya kutazama picha za meli iliyogeuka juu chini, kuamini kwamba aliiona picha hiyo siku ileile. Mkazi wa kandokando ya ziwa anaweza kuchanganya matukio ya mwaka 1996 na yale ya tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Kisiwa cha Ukara.

Namna ya kuandika kumbukumbu za familia

Kumbukumbu hizi zinaweza kuandikwa kwa daftari au kurekodiwa kwa simu ya mkononi. Mambo yafuatayo husaidia ziwe na manufaa kwa wajukuu na kwa watafiti.

Kwanza, kila mtu asimulie peke yake kabla ya mazungumzo ya pamoja, kwa sababu wanandugu wakiketi pamoja msimulizi hodari huwavuta wengine kwenye toleo lake.

Pili, yatenganishwe mambo matatu: niliyoyaona kwa macho yangu, niliyoyasikia siku ile, na niliyoambiwa baadaye. Yote yana nafasi, mradi kila moja liwe mahali pake.

Tatu, yaandikwe majina yote ya marehemu, yaani jina la dini, jina la ukoo na jina alilojulikana nalo mtaani, pamoja na kijiji alikotoka na sababu ya safari yake. Mtu mmoja huweza kutajwa kwa majina mawili akadhaniwa kuwa watu wawili.

Nne, vitafutwe vitu vya kushikiza simulizi, kama vile barua, picha yenye tarehe nyuma yake, daftari la rambirambi au kumbukumbu za ibada ya mazishi.

Tano, iandikwe tarehe ya kusimulia na jina la anayesimulia. Anayeandika asirekebishe maneno ya mzee. Simulizi mbili zikipingana, zihifadhiwe zote.

Pamoja na hayo, busara inahitajika. Manusura, na wale waliokwenda kutambua miili ya ndugu zao, wasilazimishwe kusimulia. Wapo ambao ukimya ndio uliowawezesha kuendelea na maisha, na uamuzi wao unastahili heshima.

Funzo kwa msafiri wa leo

Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Watu 228 walipoteza maisha na 41 waliokolewa, hesabu inayoonyesha kwamba waliokuwamo walizidi mara mbili ya uwezo wake. Miaka 22 baada ya MV Bukoba, swali la nani alikuwamo lilirudi tena kwa familia zilizokuwa zikisubiri ufukweni.

Kwa hiyo, mwananchi anapoombwa kutaja jina lake kamili na namba ya simu kabla ya kupanda chombo cha majini, asiuone utaratibu huo kuwa usumbufu, wala asipokee tiketi yenye jina la mtu mwingine. Msimamizi wa chombo naye asiruhusu abiria kupanda bila kuorodheshwa. Jina lililoandikwa gatini huwaondolea ndugu mzigo wa kuthibitisha, kwa kumbukumbu pekee, kwamba mpendwa wao alikuwa safarini.