Makosa Yanayomaliza Mtaji wa Biashara Ndogo Migori na Homa Bay

Biashara nyingi ndogo hazifi kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu mtaji unaliwa kidogo kidogo, mpaka siku mwenye duka anapokwenda kuongeza bidhaa na kukuta pesa hazitoshi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ulikadiria kuwa Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, na kwamba takriban milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka 5. Sababu iliyotajwa zaidi na wenye biashara ni kukosa fedha za kuendeshea shughuli.

Makosa yafuatayo ndiyo humaliza fedha hizo, na kila moja lina njia ya kuepukwa.

Kuhesabu mauzo kama faida

Chukua mfano wa mama anayenunua gunia la omena Mbita kwa shilingi 6,000 na kuliuza kwa gorogoro sokoni Rongo hadi lote likampa shilingi 7,800. Huenda akaamini amepata faida ya 1,800. Lakini amelipa 400 kusafirisha gunia, 500 nauli yake ya kwenda na kurudi, 150 za mifuko na 50 za ushuru wa soko. Jumla ni 1,100. Faida yake halisi ni shilingi 700.

Jioni hiyo akitoa 1,000 kununua unga na mafuta ya taa, amekula faida yote na kung'ata mtaji kwa shilingi 300. Safari 10 za namna hiyo humaliza shilingi 3,000, yaani nusu ya mtaji, na hakuna mwizi aliyevunja mlango. Kwa kweli hasara huwa kubwa zaidi, kwa sababu omena ikipungua faida nayo hupungua, ilhali nauli ya mama haipungui.

Dawa yake ni daftari la shilingi chache. Kila siku ziandikwe pesa zilizoingia, zilizotumika kununua bidhaa, na gharama nyingine zote, hata zile za boda boda na chai ya mbebaji mizigo. Bei nayo ipangwe kutokana na hesabu hiyo. Anayeshusha bei kwa sababu tu jirani ameshusha huenda anauza kwa hasara bila kujua.

Mfuko mmoja kwa nyumba na duka

Karo, hospitali na michango ya matanga haviepukiki, na mwenye duka ndiye ndugu na majirani humwendea kwanza kwa kuwa anaonekana kuwa na pesa mkononi. Tatizo si kuchangia. Tatizo ni kuchangia kutoka pesa za bidhaa.

Mfanyabiashara anashauriwa ajilipe kiasi maalumu kila wiki kutoka kwa faida, kama anavyolipwa mfanyakazi, na mahitaji ya nyumbani na michango yatoke hapo. Laini ya simu ya biashara, namba ya till au Pochi la Biashara husaidia kutenganisha pesa hizo na za nyumbani. Mwenye duka akichukua sukari rafuni kwa matumizi yake, naye aandikwe daftarini kama mteja mwingine.

Kukopesha bila kikomo

Maeneo ya Awendo, familia nyingi hutegemea miwa, zao linaloweza kuchukua takriban mwaka mmoja na nusu kabla ya kuvunwa. Maeneo ya Kuria, wakulima wa tumbaku hulipwa kwa msimu. Wateja wa aina hii ni waaminifu, lakini pesa zao huja kwa mkupuo baada ya miezi mingi. Duka linalowakopesha wote kwa wakati mmoja hubaki na rafu tupu na daftari lililojaa majina.

Kukopesha kuwe na mipaka mitatu: kiwango kwa kila mteja, tarehe ya kulipa, na kiwango cha madeni yote ya duka. Mteja aweke sahihi anapochukua bidhaa. Deni la zamani likilipwa ndipo jipya lianze. Kanuni hiyo ikibandikwa ukutani, mwenye duka halazimiki kubishana na shemeji au jirani. Maandishi yanamsemea.

Kusahau msimu

Omena huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwa kali samaki hupungua na bei hupanda. Zaidi ya hayo, kila mwaka uvuvi wa omena husitishwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Mchuuzi anayetegemea omena peke yake hupitisha miezi hiyo akila mtaji.

Miezi hiyo inajulikana mapema, kwa hiyo maandalizi yanawezekana. Anayeuza omena anaweza kuweka akiba kwenye chama kuanzia Agosti, au kugeukia bidhaa nyingine kwa muda, kama viazi vitamu kutoka Kabondo, nafaka au mboga. Kamati za usimamizi wa fuo, BMU, hutoa taarifa za kufungwa na kufunguliwa kwa uvuvi. Vivyo hivyo, mwenye duka asijaze bidhaa za anasa mwezi Januari, wakati wazazi wanapeleka pesa zote shuleni.

Mkopo usiolingana na bidhaa

Mkopo wa kibinafsi wa Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ulianza kwa kiwango cha shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa kulipa wa siku 14. Mkopo wa siku 14 unafaa bidhaa inayouzika ndani ya siku 14, kama nyanya au mkate. Haufai kununua friji au cherehani itakayorudisha pesa baada ya mwaka mzima. Anayefanya hivyo hulazimika kukopa kwingine ili alipe mkopo wa kwanza, na riba huanza kumla yeye. Kabla ya kukopa, aulize: bidhaa hii itarudisha pesa lini, na mkopo unadaiwa lini?

Kukwepa vibali, ushuru na mpaka halali

Kibali cha biashara cha kaunti hulipiwa kila mwaka. Anayeweka akiba kidogo kila wiki kwa ajili yake hashtuki siku ya ukaguzi, na anayedai risiti kila anapolipa ana ushahidi.

Kwa upande wa KRA, kodi ya mauzo, TOT, huwahusu wenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wengi hudhani hawafiki huko kwa sababu wanaangalia faida. Kinachohesabiwa ni mauzo: duka linalouza shilingi 3,500 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, limefikisha shilingi 1,050,000. Daftari lililotajwa hapo juu ndilo litakaloonyesha ukweli.

Wanaonunua bidhaa Tanzania kupitia Isebania nao wana nafuu. Chini ya utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zinazotoka nchi wanachama na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa cheti kifupi cha asili ya bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha. Anayepitia njia za panya huhatarisha mzigo wote, na kwa mfanyabiashara mdogo mzigo huo mara nyingi ndio mtaji wote.

Pa kuanzia

Si lazima kurekebisha yote kwa siku moja. Mfanyabiashara aanze Jumatatu kwa kuhesabu vitu vitatu: pesa taslimu na za simu, thamani ya bidhaa zilizopo, na madeni anayodai na kudaiwa. Wiki nne baadaye ahesabu tena. Jumla ikiwa imepungua, biashara inaliwa, hata kama wateja wanapanga foleni. Anayehitaji msaada wa kupanga hesabu hizo afike katika ofisi ya biashara ya kaunti akiwa na daftari lake mkononi, kabla mtaji haujaisha.