Neno moja la Kiingereza lilivyomponza shangazi yangu Makenke

ILIKUWA Jumamosi moja ya mwaka 1998. Nilikuwa kidato cha nne katika shule moja ya Mbarara, nikiishi kwa mjomba wangu aliyekuwa na duka dogo Makenke, kando ya barabara ya Masaka, karibu na kambi ya jeshi. Shangazi yangu aliingia dukani mchana, vumbi la Nakivale likiwa bado miguuni, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

Shangazi alikuwa mfanyabiashara wa maharage. Alikusanya magunia kwa wakulima wa Nakivale na kumuuzia mnunuzi mmoja wa mjini ambaye sitamtaja. Mnunuzi huyo alikuwa anadaiwa shilingi 1,400,000 za Uganda. Siku hiyo alimwita shangazi, akamwonyesha shilingi 500,000 taslimu, kisha akampa karatasi aiwekee dole gumba ndipo azichukue. Shangazi, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, akamwambia: "Ngoja kwanza nikamwonyeshe mtoto wetu anayesoma."

Mtoto mwenyewe ndiye mimi.

Karatasi ilikuwa na mistari minne tu ya Kiingereza. Mstari wa mwisho ulisema fedha hizo zimepokewa "in full and final settlement". Niliusoma kwa sauti, watu dukani wakisikiliza. "Full" nalijua, "final" nalijua, na hilo "settlement" nani angenifundisha? Nilikulia ndani yake! Nakivale kwa Kiingereza huitwa "refugee settlement", yaani makazi ya wakimbizi. Nikajumlisha maneno matatu ninayoyajua, nikapata jibu langu: hii ni stakabadhi ya kawaida, inasema fedha hizi ni za mtu wa settlement, zimehesabiwa zikatimia.

"Haina neno, shangazi. Weka dole," nikasema.

Wiki mbili baadaye alikwenda kufuata shilingi 900,000 zilizobaki. Akaonyeshwa karatasi yenye dole lake. Maana halisi ya maneno yale ni kwamba mpokeaji amekubali kiasi hicho kuwa malipo yote ya deni, na hatadai tena hata senti. Fedha zile alizipangia mabati ya nyumba, kwani alikuwa anajiandaa kurudi Rwanda.

Alirudi bila mabati. Mimi nilikuja kulielewa neno hilo nikiwa kidato cha sita, siku nilipolikuta kwa bahati kwenye kamusi ya maktaba. Nilifunga kamusi, nikatoka nje. Sikumwambia mtu.

Mtoto wa lugha nne

Msomaji ambaye naye amerejea kutoka uhamishoni atanielewa. Wazazi wetu walikuwa wakiishi Ankole. Oktoba 1982, wakati wa utawala wa Obote, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika nyumba zao, ng'ombe wakachukuliwa. Wengine walivuka mpaka, wengine wakakimbilia makazi ya wakimbizi kama Nakivale, ambako Wanyarwanda walianza kupokewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mimi nilifika Nakivale nikiwa mgongoni mwa mama.

Tulikua na lugha nne. Nyumbani Kinyarwanda, sokoni Kinyankore, shuleni Kiingereza. Kiswahili nilikipata Makenke kwa askari waliokuja dukani kununua sigara na sabuni, maana jeshi la Uganda huzungumza Kiswahili. Mwaka 1994 maelfu walirudi Rwanda. Mimi nilibaki nimalize shule, nikarudi mwaka 2001.

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa, na mwaka uliofuata kazi ikaanza. Walimu wenzangu waliosoma Zaire, Burundi na hapa nyumbani kwa Kifaransa walijikuta wanaanza upya, wengine wakiwa na mvi. Sisi tuliotoka Uganda tukaonekana mabingwa, nasi tukavimba vichwa. Niliposimamishwa mbele ya walimu hao kuwasaidia, nilikumbuka ile karatasi ya Makenke. Nikajiuliza: hivi Kiingereza ninachojivunia ni kipi hasa?

Maneno mepesi ndiyo mazito

Wataalamu wa lugha wamehesabu. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alitoa orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000. Ukiyajua hayo, katika maandishi ya kawaida utatambua takriban maneno 80 kati ya kila 100. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akatoa orodha ya makundi 570 ya maneno ya kitaaluma, yale yanayojaa katika vitabu vya chuo. Naye Paul Nation, wa New Zealand pia, aliandika mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila msaada kunahitaji makundi ya maneno kati ya 8,000 na 9,000.

Wengi tuliosoma Uganda tuna hayo 2,000 ya kwanza na zaidi. Tunasalimia, tunauza, tunaomba kazi. Tunadhani kilichobaki ni kuokota maneno marefu, basi tunakimbilia yale yanayojaza mdomo ili kuwatisha wenzetu. Ukweli ni kwamba neno refu halina hatari sana, kwa sababu ukilikuta unajua kwamba hulijui. Wakimbizi wa Rwanda walioambiwa kwamba "cessation clause" ingetumika Desemba 31, 2017 waliuliza mara moja hilo ni nini, wakaelezwa kuwa ni kukoma kwa hadhi ya ukimbizi kwa waliokimbia kati ya 1959 na 1998. Neno la hatari ni lile jepesi, ambalo unaamini umelijua tangu darasa la tatu.

Kiswahili nacho kina mitego hiyo. Mgeni akishajua kwamba "piga" ni kuchapa, atafanya nini akisikia piga pasi, piga simu, piga picha, piga deki, piga moyo konde? Hakuna aliyechapwa hapo. Kiingereza hufanya hivyo kwa maneno kama "put", "get" na "turn". "Put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, "turn down" ni kukataa ombi. Barua ikisema ombi lako ni "turned down", usikae ukingoja ligeuzwe upande wa pili. Limekataliwa.

Sasa tazama neno ambalo kila mfanyabiashara wa Mbarara analo mdomoni: "balance". Sokoni Uganda, "balance" ni chenji. Umetoa noti ya shilingi 10,000, umenunua cha 7,000, unadai "balance" yako. Na "outstanding" tulilijua kwenye ripoti za shule, ni mwanafunzi aliyefanya vizuri kupita wengine. Mfanyabiashara akipokea barua yenye "outstanding balance" anaweza kufurahi, akidhani ana chenji nono inayomsubiri. Kumbe barua inamwambia ana deni ambalo hajalipa!

Kiingereza cha mdomo na cha karatasi

Sisemi kwamba Kiingereza cha Uganda ni kibaya. Mtu akikuambia "you are lost" anamaanisha umeadimika, hatujaonana siku nyingi. Akikuambia "extend" ndani ya taksi, anaomba usogee naye apate kukaa. Mwandishi wa Uganda, Bernard Sabiti, alitoa kitabu mwaka 2014 kinachokusanya maneno ya aina hiyo. Ni Kiingereza kilichozaliwa kwetu na kinatutosha sokoni.

Lakini mikataba haiandikwi kwa lugha ya ndani ya taksi. Mwenye kuishi mpakani lazima awe na vyote viwili, kama tulivyo na nguo za shambani na nguo za harusini.

Jinsi ninavyofundisha

Baada ya miaka mingi darasani, nimebaki na kanuni chache ambazo huwapa wanafunzi wangu, wakubwa kwa wadogo.

Kwanza, usiandike neno moja kwenye daftari, andika fungu zima. Usiandike "settlement" peke yake. Andika "refugee settlement" mstari mmoja na "in full and final settlement" mstari mwingine, kila moja na sentensi yake. Misemo nayo ishike nzima nzima: "foot the bill" ni kulipa gharama, haina uhusiano na mguu; "cut corners" ni kulipua kazi ili uimalize upesi au kwa bei rahisi.

Pili, rudia kwa vipindi. Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 njia ya visanduku, nami nimeifanya kwa maboksi ya sabuni. Andika fungu la maneno kwenye kipande cha karatasi, maana yake nyuma. Ukipatia, kipande kinahamia sanduku la pili, ambalo unalifungua kila baada ya siku kadhaa. Ukikosea, kinarudi la kwanza, la kila siku. Vipande kumi kwa siku vinatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, tafuta kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikiwa wanaojifunza. A. S. Hornby, aliyekuwa mwalimu Japani, ndiye aliyeiandaa ile maarufu ya Oxford, na toleo lake la kwanza lilichapishwa Japani mwaka 1942. Ukifungua kamusi usiishie maana ya kwanza. Mimi ningesoma hadi maana ya pili na ya tatu ya "settlement", shangazi angepata mabati yake.

Nne, sikiliza redio. Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi chenye maneno kama 1,500, yasomwayo polepole. Kiingereza chepesi cha namna hiyo ni ngazi ya kuanzia. Ukishakizoea hamia habari za kawaida, andika misemo mitatu usiyoijua, kisha itafute.

Kwa wanaovuka mpaka

Mpaka wa Gatuna ulifunguliwa tena Januari 31, 2022 baada ya kufungwa tangu Februari 2019. Biashara imerudi huko, na karatasi zimerudi nayo. Iwe ni Gatuna, Kagitumba na Mirama Hills, au Kikagati kwenda Murongo, maneno machache yafuatayo yashikeni.

"Exempt" ni kusamehewa, lakini soma kinachofuata. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa za nchi wanachama zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, husamehewa ushuru wa forodha zikiwa na hati ya uasili. Kusamehewa ushuru wa forodha si kusamehewa kila kodi.

"Subject to" ni kwa masharti ya. Bei ikiwa "subject to inspection", bado hujaipata. Mzigo utakaguliwa kwanza. "At owner's risk" maana yake mzigo ukiharibika hasara ni yako. "Waive" ni kuacha haki yako kwa hiari. Ukiliona, simama kabisa. Na mtu akikulipa nusu ya deni, dai karatasi iandikwe "part payment", yaani malipo ya sehemu, pamoja na kiasi kilichobaki kwa tarakimu. Asipokubali kuandika hivyo, jiulize kwa nini.

Jibu la shangazi

Mwaka 2009 niliwasimulia walimu wenzangu habari ya mama mmoja wa Nakivale na karatasi ya Makenke. Sikuwaambia kwamba msomaji wa karatasi alikuwa mimi. Usiku huo sikulala vizuri. Jumamosi iliyofuata nikapanda basi hadi Nyagatare, anakoishi shangazi, nikamweleza yote.

Alinyamaza kidogo, akamimina maziwa, akanipa. Kisha akasema: "Nilijua siku ileile waliponikatalia fedha. Sikukulaumu kwa kutojua Kiingereza, mwanangu. Mimi pia sikukijua. Lakini ungeniambia hujui, ningemtafuta mwingine."

Watu waliokuwa dukani siku ile walikuwa wananitazama, nami niliona aibu kusema sijui. Kwa hiyo, ndugu zangu, wazazi mnaowapelekea watoto wenu wa shule barua na mikataba, mwambieni mtoto kwanza kwamba ana ruhusa ya kusema "sijui". Nanyi vijana mnaosomea wazee, itumieni ruhusa hiyo bila haya.

Shangazi bado anauza maharage, ingawa sasa wajukuu ndio wanaovuka Kagitumba. Karatasi zote bado ananiletea. Wakati mwingine namwambia aache hadi kesho nikaangalie kamusi. Hunijibu kwamba maharage hayaozi kwa siku moja.