STATA YA PIKIPIKI YA ZAMANI: ITENGENEZWE, ISITUPWE

Pikipiki ya zamani ikikataa kuwaka kwa kitufe, neno la kwanza linalosemwa ni kwamba stata imekufa. Mwenyewe hununua nyingine, au huacha kitufe kabisa akapiga kiki siku zote. Mimi nasema kwamba mara nyingi stata hiyo haikufa. Ni chafu, au kaboni zake zimelika, na mwanafunzi aliyesikiliza vizuri somo la umeme aweza kuitengeneza kwa fedha kidogo. Nataka kueleza kazi hiyo, na hasa sababu ya kila hatua, kwa maana ajuaye sababu hana haja ya kukariri.

Mfano wangu ni Honda CB350 ya silinda mbili, iliyotengenezwa Japani kuanzia 1968 hata 1973. Baba yangu aliniachia moja, na sasa baba mdogo ndiye huitumia kwenda shambani. Goti lake haliwezi kiki; kwake yeye, pikipiki isiyo na stata ni chuma tu. Fundi mmoja alituambia stata ile itupwe. Lakini pikipiki hiyo imeacha kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 50, na stata mpya haiokotwi dukani. Basi niliifungua, nikakuta kaboni zimebaki vipande vifupi na vumbi jeusi limejaa kila mahali. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa maradhi yake.

Kwanza tujue inavyofanya kazi. Umeme wa betri hupita katika waya mnene mpaka kwenye koili zilizo ndani ya ganda la mota, nazo huwa sumaku. Kisha hupita katika kaboni mbili, ambazo springi huzibana juu ya komuteta, yaani pete ya vipande vya shaba iliyo mwishoni mwa mhimili. Kutoka hapo huingia katika nyaya zilizozungushiwa mhimili wenyewe, ambao mafundi huuita amecha, nao huwa sumaku. Sumaku hizo mbili husukumana, na mhimili huzunguka. Kila uzungukapo, kaboni hugusa vipande vingine vya shaba, hivyo msukumo haukomi. Upande wa pili mna gia ndogo zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu, na mnyororo mfupi huizungusha injini.

Mota hii ni ndogo kuliko kazi yake. Siri hiyo aliitumia Charles Kettering wa Marekani, ambaye stata yake ilifungwa katika motokaa za Cadillac za mwaka 1912: mota ndogo yaweza kubeba mzigo mzito, mradi iubebe kwa nukta chache tu. Kadhalika mota iliyosimama hunywa umeme mwingi kuliko inayozunguka, kwa sababu inayozunguka huzaa umeme wake unaoupinga ule wa betri. Kwa hiyo usikandamize kitufe zaidi ya sekunde 5 hivi. Injini isipowaka, ngoja nusu dakika. Anayeng'ang'ania kitufe huku mota imekwama anaichoma kwa kidole chake mwenyewe.

Pili, kabla ya kufungua kitu, pima. Washa taa kubwa, kisha bonyeza kitufe. Taa ikififia karibu kuzimika, betri ni dhaifu, au mota imekwama. Taa ikibaki na mwanga wake wala mota isizunguke, umeme haufiki: huenda kitufe ni kibovu, au rilei, au waya umelegea, au kaboni hazigusi shaba. Rilei ikilia "tak" na mota ikanyamaza, shuku ncha za nyaya na kaboni.

Msidharau ncha za nyaya. Tuseme stata yavuta ampea 100, na kutu kwenye ncha ya betri ina ukinzani wa omu 0.02 tu. Kwa sheria ya Ohm, 100 mara 0.02 ni volti 2. Betri ya volti 12 imeibiwa volti 2 kabla umeme haujaifikia mota, na wati 200 zinapotea kuwa joto palepale penye kutu. Ndiyo maana ncha mbovu hupata moto ukiigusa. Sugua ncha zote mpaka zing'ae, pamoja na ule waya wa betri unaofungwa kwenye fremu, halafu jaribu tena. Wengi huponea hapa bila kufungua stata.

Ikiwa haikupona, fungua. Ondoa kwanza waya hasi wa betri. Katika CB350 stata imekaa mbele ya injini, chini ya silinda, pale tope la gurudumu la mbele linaporukia. Mnyororo wake umo nyuma ya kifuniko cha kushoto, penye mafuta; basi weka karai chini. Ikiisha kutoka, isafishe nje. Kisha chora mstari kwa msumari kutoka ganda mpaka vifuniko vyake vyote viwili, upate kuvirudisha vilivyokaa. Fungua zile skrubu mbili ndefu. Panga washa zote juu ya gazeti kwa utaratibu zilivyotoka, maana washa ikikosa mahali pake mhimili hukwama au hucheza.

Futa vumbi la kaboni kwa kitambaa kikavu na brashi. Vumbi hilo hupitisha umeme, laweza kuupeleka mahali pasipotakiwa. Usilowanishe nyaya kwa petroli, kwa kuwa huweza kuharibu vanishi inayozikinga.

Sasa tazama kaboni. Zikiwa fupi chini ya milimita 6 hivi, springi haina nguvu tena ya kuzibana, basi weka mpya. Ukilehemu mkia wa kaboni mpya, tumia joto la kutosha na lehemu kidogo. Ikipanda katika mkia wote, mkia hukakamaa na kaboni haiteremki.

Komuteta isugue kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae. Kati ya vipande vya shaba mna maika, ambayo haipitishi umeme. Maika haina budi kuwa chini kidogo kuliko shaba, ama sivyo kaboni huelea juu yake. Mimi hutumia kipande cha msumeno wa chuma kuichimba, karibu nusu milimita tu, kisha naondoa vumbi lote.

Pima amecha kwa betri na taa ndogo. Gusa vipande viwili vya shaba vilivyo jirani: taa sharti iwake, duara lote. Kisha gusa shaba na mhimili: taa isiwake hata kidogo. Ikiwaka, umeme unavuja, na kazi hiyo yataka fundi wa kusuka nyaya. Vilevile pima ile bolti inayopokea waya mnene: isipitishe umeme kwenye ganda. Washa zake za plastiki hupotea upesi, na bila hizo betri nzima humwagika katika ganda.

Wakati wa kufunga, zivute kaboni nyuma na kuzizuia kwa uzi mpaka komuteta iingie, halafu vuta uzi. Tia grisi kidogo kwenye gia na bushi, wala isifike kwenye komuteta. Weka mipira mipya ya kuzuia mafuta na maji. Kabla ya kuirudisha katika injini, ibane katika jiliwa na uijaribu kwa nyaya nene, kwa maana huruka kwa nguvu inapoanza.

Pikipiki za boda boda zenye kitufe zafuata kanuni hizi hizi, ila nyingi zina sumaku za kudumu mahali pa koili. Hizo usizigonge kwa nyundo, huvunjika.

Nanyi mlio darasani, msidhani sheria ya Ohm imeandikwa kwa ajili ya mtihani. Imo ndani ya kila chombo kinachotupwa jalalani kwa sababu hakuna aliyekifungua na kukipima. Pimeni kwanza, ndipo mtoe hukumu.