Je, Wajua? Ngoma ya saa moja huvimba mara tano

Kamera ndogo inayorekodi ngoma ya sindimba pale Lisekese, Masasi, haihifadhi kila picha nzima. Katika AVCHD, mfumo uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, picha moja huhifadhiwa kamili. Zinazofuata hubeba mabadiliko tu: kiuno kimezunguka, mwembe wa nyuma uko palepale. Kadi ya kumbukumbu inapona, kompyuta inateseka, maana kila unapokata katikati lazima ijenge upya picha. Ndiyo maana baadhi ya wahariri hugeuza faili kwanza kuwa ProRes au DNxHD, miundo ya kuhariria ambamo kila picha inajitegemea. Saa moja ya GB 11 hivi hufikia GB 55 katika ProRes 422. Ubora, kwa bahati mbaya, hauongezeki hata chembe. Na unapohamisha rekodi kwenda kwenye kompyuta, nakili folda nzima ya kadi, si faili za video za MTS pekee: rekodi ndefu hukatwa vipande, na taarifa za kuviunga zimo kwenye folda nyingine.