Je, Wajua? Saa 4 za Polisi, Mwanga wa Kibatari na "Ndiyo, Lakini..."

"Ndiyo, lakini" mahakamani ni hapana

Mtu anasomewa shtaka la kumjeruhi jirani, anajibu: "Ndiyo mheshimiwa, nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenijia na panga." Hakimu hapaswi kuandika kwamba amekiri kosa. Ndani ya hiyo "lakini" mna utetezi wa kujihami, kwa hiyo inaandikwa kwamba amekana na kesi inasikilizwa. Utaratibu wenyewe ulinyooshwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, mwendesha mashtaka asimulie yaliyotokea, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga. Akipinga jambo la msingi, kukiri kwake kunafutwa hapo hapo. Mahakama ile ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977, ila mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam wanaitaja hukumu yake hadi leo.

Polisi wa Tanzania wana saa 4 za kukuhoji

Wengi hudhani ni 24. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaanza na saa 4 tangu mtu aliposhikwa, muda ambao basi lililotoka Dar es Salaam huenda ndiyo kwanza linaingia Morogoro. Muda wa kumpeleka kituoni hauhesabiwi. Mpelelezi anaweza kuongeza saa zisizozidi 8, mradi afanye hivyo kabla zile za mwanzo hazijaisha na amwarifu mtuhumiwa. Akitaka zaidi, aombe kwa hakimu. Na si mchezo: Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kuyatupa maelezo ya onyo ya mtuhumiwa kwa polisi, hata yenye kukiri kosa, kwa sababu tu yaliandikwa muda ukiwa umepita.

Zile saa 24 ni za kufikishwa mahakamani. Kenya nako Katiba ya 2010 imeziweka, na hapo ndipo ilipo siri ya wale wanaokamatwa Ijumaa jioni: saa zikiisha siku ambayo mahakama imefungwa, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Ijumaa ikageuka Jumatatu!

Shtaka moja, Namanga moja, majibu mawili

Upande wa Kenya wa mpaka wa Namanga, anayeshtakiwa kwa mauaji anaweza kupewa dhamana, isipokuwa kama kuna sababu nzito ya kumnyima. Vuka kizuizi uingie Tanzania: mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha ni makosa yasiyo na dhamana, na mshtakiwa hungoja kesi yake akiwa mahabusu.

Kibatari nacho hupimwa

"Nilimtambua, mheshimiwa" haitoshi kama tukio lilikuwa la usiku. Hukumu moja maarufu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ya mwaka 1980 inataka mambo haya yajibiwe: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kutoka umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Je, alikuwa akimfahamu kabla ya siku hiyo? Ndiyo maana utamsikia wakili akiuliza, bila aibu, kama taa ilikuwa chemli au kibatari, ilitundikwa wapi na ilimmulika nani. Anajua kwamba hata shahidi mkweli kabisa anaweza kumtaja mtu siye.

Kulewa hakukuokoi, kuleweshwa kunaweza

Sheria za adhabu za Kenya na Tanzania kwa kawaida hazimwonei huruma aliyejinywea. Lakini kama mtu mwingine alikulewesha bila ridhaa yako, kwa hila au kwa uzembe, hata hukujua unachofanya, huo ni utetezi kamili.

Kumchukua mbuzi wa mtu kunaweza kusiwe wizi

Ukimtoa mbuzi zizini kwa binamu yako ukiamini kwa dhati kwamba ni urithi wako, bila nia ya kudanganya, si mwizi machoni pa sheria, hata ikija kubainika kwamba mbuzi hakuwa wako. Ugomvi huo ni wa madai. Ila usijaribu kusema hukujua kwamba wizi ni kosa; kutojua sheria hakumsaidii mtu.

Yule wa kwenye filamu alifungwa tena

Maneno ya "una haki ya kukaa kimya" yanayosemwa na polisi wa sinema za Marekani yametokana na kesi ya Ernesto Miranda, ambaye hukumu yake ilitenguliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1966. Kesi ikaanza upya, safari hii bila lile ungamo lake kwa polisi, na akatiwa hatiani vilevile. Kwa Wakenya haki hiyo si ya sinema: imo katika Katiba yao, ibara ya 49.

Ulikuwa Tanga siku ya tukio? Sema mapema

Mshtakiwa wa Tanzania anayetaka kujitetea kwamba hakuwepo eneo la tukio anatakiwa atoe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau kabla upande wa Jamhuri haujafunga ushahidi wake. Akichelewa, mahakama inaweza isiupe utetezi huo uzito wowote. Lakini hahitaji kuthibitisha kwamba alikuwa Tanga. Inatosha atie shaka ya maana kwamba huenda alikuwa huko. Mzigo wa kuiondoa shaka hiyo ni wa Jamhuri.