Safari ya Kitabu (Sehemu ya 3): Mwandishi Mbele ya Watu wa Kwao

Wiki iliyopita tulimwacha mwandishi mlangoni pa duka, makatoni ya vitabu yakiwa mkokotenini, akimbembeleza mwenye duka ampokelee. Wenye maduka wengi hawakatai, ila hupokea kwa mali kauli: vitabu vikae rafuni, vikinunuliwa mwandishi alipwe, visiponunuliwa aje avichukue pamoja na vumbi lake. Leo tumfuate kwenye njia nyingine iliyobaki, maonyesho ya vitabu, na hasa yale madogo yanayofanywa katika ukumbi wa maktaba, uwanja wa shule au jumba la kijamii, ambako waandishi wa eneo lile hualikwa waketi na vitabu vyao mbele ya watu wanaojuana nao kwa majina.

Nasema madogo kwa makusudi. Makubwa yanajulikana. Nairobi wachapishaji hukusanyika Sarit Centre, kule Westlands, kwa kawaida mwezi wa Septemba, katika maonyesho ya kimataifa yanayoandaliwa na chama chao. Ni soko la maana nami silibezi. Lakini anayezunguka mle ndani huona upesi kwamba mwenye shughuli ni kitabu cha kiada. Mabanda mapana ni ya kampuni zenye vitabu vya hisabati na sayansi, na wageni wanaopokewa kwa bashasha ni walimu wakuu na mabasi ya wanafunzi. Mtunzi wa riwaya hupewa saa moja ya kutia sahihi kwenye kona ya banda la mchapishaji wake, kisha anapisha. Hukumbukwa usiku wa tuzo, na tuzo haimfikii kila mtu. Kwa mwandishi aliyetoka Taita au Busia, nauli na malazi ya siku hizo huweza kumaliza faida ya vitabu atakavyouza.

Jambo la kushangaza ni kwamba fasihi ya Kiswahili haikuanzia mbali na watu wake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alizisema tungo zake mjini Mvita watu wakisikia, katika zama ambazo Wamazrui, watawala wa mji huo, walikuwa wakivutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Alichokoza, akachokozwa, akajibu. Wataalamu wanamsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni, ambako mtu akinunua samaki aliweza pia kusikia kejeli ya jana na jibu lake la leo. Muyaka hakuhitaji meza wala bango. Wasomaji wake, tukiweza kuwaita hivyo, walikuwa majirani.

Sasa tazama kitabu chake. Tungo zilibaki vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Diwani ilichapwa 1940, mji wenyewe ukiwa Johannesburg. Miaka mia moja ilipita ndipo maneno ya mtu wa Mvita yakawa kitabu, na yalipokuwa kitabu yalikuwa upande mwingine wa bara, mikononi mwa wasomi. Mombasa hiyo hiyo ilimtoa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka uliohoji Kenya inaelekea wapi. Tungo za kifungoni aliziandika kwenye karatasi za msalani. Zikatoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata zikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mwandishi mwenyewe wakati huo alikuwa ameshaondoka nchini. Kitabu kilisherehekewa, mtu wake hayupo kwao.

Ukitaka mfano wa bara, nenda Ukerewe, kisiwa kilichomo Ziwa Viktoria. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto, akitia ndani kilimo, uvuvi, harusi, dawa na tanzia za watu wake. Hakupata mchapishaji wa kukitoa katika lugha ile. Akaketi akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa 1980, miaka 35 baada ya kalamu kuwekwa chini, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Alikuwa na majirani waliokijua kila alichokieleza, kwa kuwa ndio aliowaeleza. Wangapi kati yao waliwahi kukishika kitabu chenyewe akiwa hai? Kisiwa hicho hicho kilimlea Euphrase Kezilahabi, ambaye Rosa Mistika yake, iliyotoka 1971, inaanzia Namagondo, kijiji alikozaliwa. Hiyo kwanza ilizuiwa shuleni, baadaye ikafundishwa shuleni. Ndiyo hali ya riwaya yetu: hata ugomvi wake na jamii hupitia kwenye silabasi.

Hapo ndipo penye kiini cha makala ya leo. Kwa msomaji wa kawaida wa Kiswahili, mlango wa kwanza wa fasihi ni mtihani, na kwa wengi ndio wa mwisho. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilisomwa na kizazi kizima cha watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kwa sababu kilikuwa kitabu teule. Chozi la Heri cha Assumpta Matei kikafuata njia hiyo, na tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea vilevile. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ikikiteua kitabu, mwandishi huuza kwa malaki. Isipokiteua, kitabu hicho hicho chenye ustadi ule ule huweza kukaa ghalani. Sina ugomvi na uteuzi wenyewe, maana bila huo wengine tusingemjua Said Ahmed Mohamed tukiwa na miaka 16. Shida ni namna unavyomfinyanga msomaji. Keti nyuma ya meza ya mwandishi katika maonyesho makubwa uone. Mwanafunzi anakuja na daftari, anasalimu kwa adabu, kisha anauliza: "Mwalimu, mhusika huyu umemtumia kuonyesha maudhui gani?" Anaandika jibu neno kwa neno. Mwenzake anauliza kama swali la insha litatoka kwenye sura ya tatu. Banda la jirani linauza miongozo, na miongozo inanunuliwa kuliko riwaya inayoiongoza.

Katika maonyesho madogo ya nyumbani huja mtu wa aina nyingine. Huja baba aliyemaliza shule miaka 20 iliyopita na hajashika riwaya tangu siku ile. Hakuja kwa fasihi, amekuja kwa sababu amesikia kitabu kinataja mji wake. Anakifungua katikati, anasoma ukurasa akiwa amesimama, kisha anaanza kubisha. Jarife halitegwi hivyo. Kisima kile hakikuchimbwa na ukoo ule. Daraja unalosema lilivunjika kabla ya uhuru, lilivunjika baadaye, mimi mwenyewe nilikuwepo. Mhariri wa Nairobi au Dar es Salaam hawezi kumsahihisha mwandishi kwa kiwango hicho, na mhakiki wa chuo kikuu hana habari na jarife. Mwandishi mwenye busara huja na daftari lake naye, kwa maana siku hiyo wanaoandika majibu wamebadilishana nafasi. Toleo la pili la kitabu likija kuwa bora kuliko la kwanza, mara nyingi sababu ni mabishano ya namna hii.

Mikoani haja ya maonyesho hayo imezidi katika miaka ya karibuni, na sababu zake si za siri. Mwaka 2013 Kenya ilianza kutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kuanzia 2018 serikali ikawa inanunua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvisafirisha hadi shuleni. Wanafunzi walifaidika kwa kupata kila mmoja nakala yake. Mwenye duka la vitabu kule kaunti, ambaye riziki yake ilikuwa msimu wa Januari, alipoteza mteja wake mkubwa. Duka lililokuwa likimudu rafu moja ya riwaya kwa sababu ya faida ya vitabu vya kiada sasa linauza sare za shule, kalamu na vocha za simu. Tanzania nayo, baada ya kazi ya kuandaa vitabu vya kiada kurudishwa kwa Taasisi ya Elimu, wachapishaji binafsi walipungukiwa na fedha ambazo zamani ziliwawezesha kubahatisha na riwaya ya mtu asiyejulikana. Matokeo yake waandishi wengi wanajichapishia, na aliyejichapishia hana wakala wala gari la kusambaza. Ana meza tu, pale atakapoipata.

Hesabu ya meza hiyo haina fumbo. Tuseme riwaya inauzwa shilingi 600. Ikiwa imetolewa na mchapishaji, na mrabaha ni asilimia 10 ya bei, mwandishi ana shilingi 60 kwa nakala, tena atazingoja hadi hesabu za mwaka zifungwe. Duka likiuza kitabu cha aliyejichapishia, litakata theluthi yake na pengine zaidi. Akiuza mwenyewe mezani, 600 zote zinaingia kwenye simu yake hapo hapo, kisha atoe gharama ya uchapaji, nauli na ada ya meza kama ipo. Nakala 30 kwa siku moja si utajiri, lakini zinaweza kulipia sehemu ya chapa inayofuata.

Adui mkubwa wa hesabu hii ni undugu. "Basi nipe nakala moja, si sisi ni watu wamoja?" Binamu anataka ya bure, mwalimu wake wa zamani anataka ya bure, diwani anataka mbili, moja yake na moja ya mheshimiwa. Kuna mwandishi wa pwani ambaye hujibu kwa upole kwamba kitabu cha bure hakisomwi, na nadhani yuko karibu na ukweli. Ushauri wangu ni kupanga tangu nyumbani nakala za zawadi, zisizidi tano, na zikiisha zimeisha. Shemeji atakasirika, kisha atanunua.

Waandaaji nao wana dhambi zao. Iliyo mbaya kuliko zote ni mgeni rasmi. Ratiba inasema saa tatu, anafika saa sita. Hotuba zinafuatana hadi alasiri, na mwandishi aliyekuja na watu wake kumsikia anapewa dakika saba mwishoni, viti vikiwa vimeanza kukusanywa. Ningekuwa na uwezo ningeugeuza utaratibu wote: waandishi waanze, wasome kurasa za vitabu vyao kwa sauti, watu waulize, kisha viongozi waseme kwa wale watakaokuwa wamebaki. Kusoma kwa sauti si pambo. Mtu ambaye hajanunua kitabu miaka mingi hashawishiki kwa jalada, bali kwa kusikia lafudhi ya kwao ikisemwa na mhusika, kwa Kiamu au Kimvita au Kiswahili cha Kitale, na kucheka kabla jirani yake hajacheka. Mwandishi asiyeweza kusoma vizuri amtafute mwigizaji wa shule ya karibu amsomee. Na uwanja uchaguliwe pale watu wanapopita, karibu na soko au stendi, siku ya gulio, si hotelini ambako bawabu anamuuliza mwenye kanzu kuukuu ameitwa na nani.

Lugha za kienyeji zipewe meza pia, bila kunong'onezana kuhusu umoja wa taifa. Kitereza alianza na Kikerewe, na Kiswahili kilitajirika kwa alichokileta kutoka huko. Anayeandika Kigiriama au Kitaita leo hawezi kuteuliwa kwa ajili ya KCSE hata akiandika kwa dhahabu, na kwa hiyo maonyesho ya nyumbani kwake ndiyo soko lake lote.

Linabaki suala la yule asiye na shilingi 600. Katiba ya Kenya ya 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Kaunti inayotuma mgeni rasmi kwenye maonyesho ingeweza kumtuma na orodha ya ununuzi badala ya hotuba: nakala mbili za kila kitabu cha mwandishi wa eneo lile kwa kila tawi la maktaba, zilipwe siku ile ile mezani, ziandikishwe na kuwekwa kwenye rafu yenye jina la mahali pale. Gharama yake haifiki ya mahema na vyakula vya wageni. Lakini matawi hayo yako katika hali gani, nani anayaingia, na vitabu vya Kiswahili vimo vingapi? Wiki ijayo tutafungua mlango wa maktaba.